Fundi Aliyeziba Mnara

Fundi hakuweza kupita ukuta bila kuugusa. Tukitoka naye kwenda madukani, kule Ilford, pembezoni mwa London, mwendo wa dakika kumi ulituchukua nusu saa, kwa sababu kila nyumba ina ukuta na yeye hakutaka kumruka yeyote. Aliweka kiganja kwenye matofali, akatulia kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha akatoa hukumu. "Huyu anaumwa." Akasogea mbele. "Huyu wamempiga simiti hadi puani, hapumui." Watu walitupita na mifuko yao wakitutazama, nami nilitamani ardhi inimeze. Mara moja tu, kwenye ukuta wa kanisa kuukuu, alisema, "Huyu mzima," akafurahi mpaka tulipofika kwa muuza nyama.

Nilikuwa mpangaji wa binti yake. Mama yangu alinileta London nikiwa na miaka kumi na saba na cheti cha darasa la saba. Baadaye aliolewa akahamia mji mwingine, mimi nikabaki na kazi yangu ya kusafisha maofisi katikati ya jiji. Nilipanda treni ya alfajiri, nikarudi saa nane mchana miguu imevimba. Binti yake, niliyemwita Dada, saa hizo alikuwa kazini akiwahudumia wazee wa watu majumbani mwao, na wanawe wawili walikuwa shuleni. Kuanzia saa nane hadi watoto waliporudi, nyumba ilikuwa yetu sisi wawili, mimi na Fundi. Karibu yote ninayoyajua juu yake niliyapata wakati huo, yeye akisema, mimi nikimenya viazi.

Mimi si msemaji. Hata nyumbani nilikuwa hivyo. Fundi aliligundua hilo siku ya kwanza, akanipa jina.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bubu. Leo umesema maneno mawili. Kapumzike."

Alikuwa na jambo moja alilolitaka, na kila mtu nyumbani alilijua. Alitaka kurudi kwenye bonde moja la milimani huko Italia, alikokaa zaidi ya miaka ishirini, akafungue matundu kumi na moja kwenye mnara wa kanisa. Matundu hayo aliyaziba yeye mwenyewe. Binti yake hakutaka aende. Mimi niliombwa nimsaidie kwa neno moja tu, na jambo hilo ndilo linalonifanya niandike haya.

Alizaliwa wapi na nani, sikumwuliza. Ninachojua ni kwamba alikuwa Malindi akipiga lipu nyumba za Wataliano, lipu ya chokaa, ile ya zamani, inayosuguliwa siku nzima mpaka ukuta unateleza kama kauri. Mtaliano mmoja alimtazama akifanya kazi wiki nzima, kisha akamwambia kwamba katika bonde la kwao wazee waliojua chokaa wamekwisha na nyumba zinaanguka. Akamchukua. Fundi alidhani anapelekwa mjini. Basi likamshusha mbele ya daraja la mawe lenye mgongo kama wa ngamia, theluji imefika magotini, naye amevaa viatu vyake vya Idi.

"Nikajiuliza," alisema, "hivi hawa wamenileta kujenga au kunizika?"

Bonde lenyewe alilieleza mara nyingi hata nikawa naliona nikiwa ndani ya treni. Chini kuna mto wenye mawe meupe. Juu, kwenye miteremko, kuna vijiji vitano, kila kimoja na mnara wake, vinatazamana kama wake wenza. Nyumba ni za mawe hadi paa. Watu wa kale walijenga juu kwa kuogopa vita na homa za bondeni, na wajukuu zao bado wanapanda kilima kile kile na mifuko ya viazi, ingawa vita vilikwisha zamani. Kwenye ukuta wa nje wa kanisa, mtu fulani alichora miaka mia saba iliyopita jitu linalovuka mto na mtoto mabegani. Walilichora kubwa makusudi ili msafiri alione kutoka mbali, kwa sababu waliamini aliyeliona asubuhi hatakufa siku hiyo.

"Na wewe ulilitazama, Fundi?" nilimwuliza. Ilikuwa moja ya siku nilizouliza kitu.

"Mimi ni Mwislamu, nitazame sanamu?" Akanywa chai. "Nililisalimia tu. Kila asubuhi. Jirani ni jirani."

Wanyama aliwasema kama watu aliogombana nao. Nungunungu alimlia viazi vyake akavuka barabara taratibu, mikuki imesimama, kama bibi harusi asiyetaka kuharakishwa. Popo walikaa kwenye chumba cha kengele, na padri aliwaombea radhi kwa waumini kila kilipoanguka kitu wakati wa misa. Mbwamwitu walikuwa wametoweka bonde lile tangu enzi za babu zao, wakarudi yeye akiwapo. Hakuwahi kuwaona vizuri. Aliona nyayo zao kwenye theluji, zimenyooka kama zimepigwa kamba. "Mbwa wa nyumbani anatangatanga," alisema. "Mbwamwitu anakwenda kazini."

Kosa lake alilifanya mwaka wa kwanza. Alipewa mnara wa kanisa autengeneze, na kwa mtu aliyetoka ng'ambo hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Jukwaa likasimamishwa, akapanda na mwiko wake. Akakuta ukuta mzima umejaa matundu ya mraba, yamepangwa mistari, kila moja linaingia mkono hadi kwenye kiwiko. Mjomba wake aliyemfundisha kazi alikuwa akimchapa kofi kwa tundu la ukubwa wa punje ya mchele. Kwake yeye tundu kwenye ukuta wa nje ni aibu ya fundi. Kwa hiyo akayaziba. Alianza juu akashuka, wiki sita, jiwe na chokaa, mpaka mnara ukawa laini pande zote nne. Watu wa kijiji walikuwa chini kwenye shughuli zao, na yule aliyemleta alikuwa safarini. Hakuna aliyemwuliza, wala yeye hakumwuliza mtu.

Matundu yale yalikuwa ya mafundi wa kwanza kabisa. Walipojenga mnara walichomeka boriti za jukwaa humo ukutani, wakamaliza, wakazichomoa, na mashimo wakayaacha. Tangu hapo yana wenyewe, mbayuwayu weusi wasiotua chini maisha yao yote, wanaokula na kulala hewani, na wanaoingia tundu mara moja tu kwa mwaka kutaga. Wanakaa Afrika wakati wa baridi. Mwezi wa tano wanarudi, kila jozi kwenye tundu lake lile lile.

Walirudi asubuhi moja yeye akiwa kwenye ngazi ya kanisa anakula mkate. Walikuja kasi kama kawaida yao, kila mmoja akilenga mlango wake. Wakagonga ukuta kwa vifua. Wakazunguka, wakaja tena, wakagonga tena. Wengine walianguka uani, na ndege wale wakianguka hawawezi kuruka, miguu yao ni mifupi mno.

Jirani yake alikuwa bibi mmoja mjane aliyeuza unga. Alitoka, akasimama, akaokota mmoja, akamrusha juu kwa mikono miwili, ndege akaenda zake. Kisha akamgeukia Fundi.

"Hawa wanatoka kwenu," akamwambia. "Wamesafiri njia yote hiyo, na wewe mtu wa kwao ndiye uliyewafungia mlango."

Fundi alinisimulia habari hiyo pengine mara ishirini. Mambo mengine aliyabadilisha kadiri alivyopenda, theluji ilipanda na kushuka, nungunungu walizidi. Hilo la bibi hakulibadilisha neno.

Alipanda siku ile ile na tindo. Alifungua pande tatu. Upande wa kaskazini uko juu ya korongo, na jukwaa la upande huo lilikuwa limeshaondolewa. Alijifunga kamba akaning'inia kutoka juu, akafungua mengine, mpaka padri akamkataza kwa machozi. Yakabaki kumi na moja. Kila mwaka walisema jukwaa litaletwa, na kila mwaka likaenda kwenye paa la mtu. Kisha binti yake, aliyekuwa ameshahamia London, alijifungua mtoto wa pili, mume akamwacha, naye akamwomba baba aje akae miezi mitatu. Nilipoingia nyumba ile miezi mitatu hiyo ilikuwa imefika mwaka wa tano.

Lazima niseme kuhusu nguruwe, kwa sababu asingenisamehe. Katika kijiji kile wanaume huwinda nguruwe mwitu wakati wa baridi, na nyama hugawanywa kwa moshi. Kila nyumba inayotoa moshi ina fungu lake, haijalishi kama kuna mwindaji ndani. Mwaka wa kwanza hawakumletea kitu. Mwaka wa pili, mwezi wa kumi na mbili, mlango ukagongwa. Wanaume watatu, kofia mkononi, na paja la nguruwe limefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Sasa niambie," aliniuliza. "Siku uliyokubaliwa kuwa mtu wa mahali ndiyo siku unaletewa haramu mlangoni. Utafanya nini?"

"Ulifanya nini?"

"Nilipokea kwa mikono miwili. Nikalia. Wao wakadhani nalia kwa furaha ya nyama."

Usiku ulipoingia alilivusha paja hadi kwa yule bibi wa unga. Bibi akacheka hadi akakaa chini. Akamwambia kwamba fungu lake la mwaka wa kwanza nalo lilikuwa limetoka, ila yeye alilichukua njiani kwa kujua kwamba halitaliwa, na kwamba amesubiri mwaka mzima kuona kama Fundi atauliza. Kuanzia hapo walielewana. Nguruwe ilienda kwa bibi, na kutoka kwa bibi yakaja mayai na unga.

Unga huo ulitokana na kastanya, tunda la mti lenye ganda la miiba, ambalo kule hulikausha kwa moshi juu ya dari ya kibanda. Kwa siku arobaini moto unawaka chini bila kutoa ndimi, na mtu anaukalia kama anayekalia eda. Ndani ya kibanda hicho ndimo Fundi alimoswalia, maana kulikuwa na joto na hapakuwa na picha. Nguo zake zote zilinuka moshi, na padri alimwambia akinukia hivyo hata shetani hatamtambua.

Siku moja, Ilford, alirudi na pakiti ya unga huo. Aliupata kwenye duka la Mtaliano baada ya kupanda mabasi mawili. Akaupika ugali. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, mtamu kidogo, na moshi kwa mbali. Akausonga mwenyewe, jasho likimtoka, akatuita wote mezani. Mjukuu mkubwa alionja akasema jambo kwa Kiingereza ambalo sitaliandika. Mdogo aliuliza kama ni keki iliyoharibika. Dada alikuwa amerudi kutoka kazini kwa mtu asiyeweza kutoka kitandani, hajavua hata koti.

"Baba, watoto hawali hiki."

"Hawali kwa sababu hujawafundisha kula."

"Nimewafundisha saa ngapi? Niambie. Saa ngapi?"

Fundi akamega tonge. Mimi nilikula wangu wote na nikaongeza. Ulikuwa mzuri. Lakini sikusema kwamba ulikuwa mzuri, na nadhani alikuwa anasubiri mtu aseme.

Hakuwa mtu rahisi. Sitaki kumpamba. Aliyewalilia mbayuwayu aliwarushia njiwa mawe, akawaita panya wenye mbawa. Mbweha wa bustani za London aliwadharau kwa kula kuku wa kwenye boksi, ila kila Ijumaa alimwekea mmoja mifupa nyuma ya banda akidhani hatumwoni. Alituhubiria ukweli, na kwa daktari alisema magoti yake ni mazuri hata kuliko ya daktari. Umri wake alioukubali ulikuwa sabini na mbili. Dada alisema sabini na sita. Sifa hakumpa mtu. Kwa miaka minne niliyofagia nyumba ile, alichowahi kuniambia ni, "Wewe hufagii pembeni tu," na nilikaa na maneno hayo wiki nzima nikijaribu kujua kama yalikuwa mazuri.

Jirani wa kulia alipoleta kijana wa kumpigia lipu ukuta wa mbele, Fundi alitoka na kiti akaketi kwenye njia kumtazama. Kijana alikuwa Mkenya, tena wa Mombasa.

"Hiyo simiti?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenye matofali ya miaka mia?"

"Ndivyo mwenye nyumba alivyotaka, mzee wangu."

"Na mwenye nyumba akitaka umzibe mama yake pua, utamziba?"

"Mzee, akinilipa na mama akikubali, tutaelewana."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake alirudi na kiti. Alimfundisha yule kijana kuchanganya chokaa siku tatu nzima, akimwita punda, na siku ya nne kijana hakuja.

Dada naye nimwandike kwa haki. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alinipokea wakati sina pa kulala, kwa kuambiwa tu na mtu wa msikitini kwamba kuna msichana anakaa kwenye kochi la watu. Kazi yake ilikuwa kuwainua wazee walioanguka, na jioni alirudi kwa mzee wake mwenyewe anayetaka kwenda kuning'inia mnarani. Fundi alikuwa ameanguka bafuni mara mbili. Mara ya pili mimi ndiye niliyemsikia.

"Kule hospitali iko mwendo wa saa nzima," Dada alikuwa akisema. "Ukianguka, baba, nani atakuokota? Mbwamwitu?"

"Mbwamwitu hawali mtu wa kijiji."

"Wewe ni mtu wa Ilford."

Majibizano hayo yalikuwa yao. Yalikuja mara mbili au tatu kwa mwezi, kama mvua, na watoto walipandisha sauti ya televisheni. Kisha barua ikaja kutoka bondeni. Kijiji kilikuwa kimepata jukwaa, litakaa upande wa kaskazini wa mnara majira ya kuchipua, na padri mpya alisikia kwamba kuna fundi mmoja anayejua ni matundu yapi. Fundi alinisomea barua hiyo akiitafsiri neno kwa neno, kidole kikifuata mistari ya karatasi. Safari hii haikuwa ndoto tena. Dada akasema watakaa kikao Jumapili.

Siku ya Alhamisi nilirudi kazini nikamkuta Fundi uani. Alikuwa ameegemeza ngazi kwenye banda la nyuma.

"Tazama," akaniambia. "Usisaidie."

Alipanda. Alipanda taratibu, hatua moja baada ya moja, mkono mmoja tu umeshika. Akafika, akatembea juu ya paa la banda, akabandika turubai lililochanika, akashuka. Hakutetemeka. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

"Umeniona?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Jumapili nitawaambia wakuulize. Useme hilo tu. Kwamba umeniona nikipanda na kushuka bila kushikwa. Dada yako anakuamini, kwa sababu huwa husemi. Ukisema, atakubali. Neno moja, mwanangu."

Hakuniita Bubu siku hiyo.

Jumapili baada ya adhuhuri tulikaa sebuleni. Alikuja mzee mmoja wa msikiti, dereva wa basi aliyestaafu, mtu mpole, kuwa shahidi. Dada alisema yake: magoti, bafu, umbali, na kwamba hana baba mwingine. Fundi alisema yake: matundu, jukwaa, barua, na kwamba mwezi mmoja tu unamtosha. Dada akauliza kama ni mwezi kweli, au ni miezi mitatu kama ile aliyokuja nayo London. Mzee wa msikiti akatazama zulia.

"Mnadhani siwezi kupanda," Fundi akasema. "Mwulizeni huyu."

Wote wakanigeukia. Dada alikuwa karibu yangu kabisa, hata harufu ya sabuni ya kazini kwake niliisikia. Nilimtazama, nikaona macho yake mekundu. Nikafikiri juu ya chumba changu kidogo juu ya ngazi, na kwamba Dada akinikasirikia sina pengine pa kulala. Nikafikiri kwamba akienda sitakuwa na mtu wa kunisemesha saa nane mchana. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli, na la pili lilikuwa kubwa zaidi.

"Mdogo wangu?" Dada akasema. "Unajua nini?"

Mdomo wangu ulifunguka. Hapakutoka kitu. Nikatazama mikono yangu.

"Basi," mzee wa msikiti akasema polepole. "Tusimtese msichana wa watu."

Fundi hakunitazama. Alikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati. Hakwenda.

Hakunigombeza hata siku moja. Chai ya saa nane iliendelea. Lakini kila mgeni alipokuja, alinionyesha kwa kidevu: "Huyu ndiye aliyenifunga London." Watu walicheka, wakidhani ni mzaha kati ya mzee na mpangaji. Mimi nilikwenda jikoni. Nilivumilia mwaka na miezi kadhaa, kisha nikapata kazi ya usafi Lewisham, upande wa pili wa jiji, karibu na soko, nikahamia huko. Nilisema ni kwa sababu ya nauli na muda. Ilikuwa kweli nusu.

Miaka miwili nililala na jambo hilo. Nikiinama kufuta ngazi za watu nililikuta hapo. Niliandaa maneno ya kumwambia, nikayaacha, nikayaandaa tena. Hatimaye mwaka huu, majira ya kuchipua, siku ya mapumziko yangu, nikapanda treni mbili hadi Ilford.

Amehamishiwa chumba cha mbele, chini, maana ngazi hazipandi tena. Amepungua. Mikono peke yake ndiyo imebaki ile ile, mipana, imelala juu ya blanketi kama vyombo vya mtu mwingine. Dada alikuwa jikoni. Nikaketi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umenenepa. Lewisham wanakula."

Nilijua nikichelewa nitashindwa. "Fundi, siku ile ya kikao sikusema."

"Hukusema."

"Nilikuona ukipanda. Ningeweza kusema. Niliogopa, na tena sikutaka uende. Nisamehe."

Akatazama mlango, akashusha sauti.

"Nilijua hutasema."

Sikuelewa.

"Siku ile juu ya banda, mjukuu wangu mkubwa alikuwa amerudi shule mapema. Alikuwa dirishani. Alinipiga picha na simu yake, nikamwona. Ningemwita yeye kwenye kikao, angesimama akasema yote, na ushahidi akauonyesha. Yule haogopi hata polisi." Akapumua. "Nikakuita wewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe husemi."

Nje basi lilipita, vioo vikatetemeka. Akangoja kelele ziishe.

"Bibi wa unga alikufa mwaka wangu wa pili hapa. Aliyenichukua Malindi kafa. Padri wangu walimhamisha. Nilipofika kijijini nyumba zenye moshi zilikuwa kumi na tisa, nilipoondoka zilikuwa nne. Kulisema bonde ni raha, nalisema kila siku. Barua ilipokuja, usingizi ukaniisha. Nifike nikae na nani? Lakini nimempigia binti yangu kelele miaka yote hiyo kwamba ananizuia. Ningemwambiaje sitaki tena?"

"Na matundu?"

"Yapo," akasema, akafumba macho kidogo.

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira nikaona nimechoka mno, na yeye amechoka kuliko mimi. Akanyoosha mkono akaugusa wangu, mara moja, kwa kiganja kizima.

"Nilikubebesha mzigo wangu, mwanangu. Pole."

Dada akaingia na sinia, bado amevaa sare ya kazi, kiatu kimoja amevua. Akatutazama.

"Mnanong'ona nini?"

Fundi akainua kichwa kwenye mto, sauti yake ikarudi kama ya zamani. "Namwambia huyu! Angesema neno moja tu siku ile, leo ningekuwa juu ya mnara na mwiko mkononi!"

"Baba, jamani. Miaka yote hii." Dada akanigeukia kwa macho ya kuomba radhi. "Usimsikilize, mdogo wangu. Hivi kweli, ulikuwa na la kusema siku ile?"

Fundi alikuwa ananitazama.

Nikapokea kikombe, nikainamisha kichwa, nikaanza kuipuliza chai.